Jina la Mwanangu kwa Fundi wa Mawe

Mkwe wangu alinipigia simu ya video siku ya Jumapili, nikiwa nimetoka misa ya kwanza na sijavua koti. Yeye ni Mjapani. Alikuja Mwanza akiwa binti, kufundisha hisabati kwa kujitolea katika sekondari moja ya Kisesa, na huko ndiko alikokutana na mwanangu. Kiswahili alijifunzia kwetu, kwa hiyo amechukua lafudhi ya Kisukuma juu ya ile yake, na hapa mtaani kwetu Pasiansi watu huanza kucheka kabla hajamaliza salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Niko kwa fundi wa mawe ya makaburi."

Nilikaa chini. Mwanangu alifariki huko Japani kwa maradhi ya figo. Walimchoma, ndivyo wanavyozika, na majivu yake yakawekwa kwenye chungu cheupe nyumbani kwa mkewe. Mimi nilitaka aletwe Kisesa, alale kando ya mama yake. Tulikuwa tumeshaweka mawe ya alama mahali pake. Mkwe wangu aliniambia tangu mwanzo, "Baba, ukisema aje, nitamleta mwenyewe. Ukisema abaki, baba yangu amekubali aingie kwenye kaburi la ukoo wetu." Na kila alipouliza, nilimjibu tusali kwanza. Nilisali kweli. Nimekuwa katekista maisha yangu yote ya utu uzima, nimezisimamia ibada za mazishi nisizoweza kuzihesabu, na bado neno hilo moja, aje au abaki, halikunitoka mdomoni.

"Sijaamua lolote," alisema. "Nataka uone tu jiwe litakavyokuwa, halafu utasema."

Akageuza simu. Fundi alikuwa mzee mwenye miwani, ameketi mbele ya karatasi ndefu. Wao huchora kwanza kwenye karatasi, wenye msiba wakiridhika ndipo huchonga. Maandishi yalishuka kutoka juu kwenda chini kama matone ya mvua kwenye dirisha. Nusu ya karatasi ilikuwa tupu. Nusu nyingine ilikuwa na mstari mmoja, mwekundu.

"Huo mwekundu ndio jina lake?" niliuliza.

"Hapana, baba. Lake bado, nakusubiri wewe. Hilo ni jina langu."

"Lako? Wewe si mzima?"

"Ndiyo maana likawa jekundu. Kwetu mume akifa, mke anaweza kuandikwa pamoja naye. Akiwa hai, herufi zinapakwa rangi nyekundu. Siku akifa, rangi inatolewa."

Dada yangu, ambaye anaishi nami tangu nifiwe na mke, alikuwa akimenya ndizi karibu yangu. Aliweka kisu chini.

"Kaka, mwambie afute hiyo kitu. Mtoto mdogo vile anajiandika kaburini?"

"Nimekusikia, shangazi," mkwe wangu alisema.

"Usikie vizuri. Una meno yako yote, utaolewa."

Akajigeuzia simu akicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Mimi nikaona hapo ndipo pa kusema neno ambalo nilipaswa kulisema mapema. Kwetu, siku ya kumaliza msiba, ukoo humkalisha mjane mbele ya watu, na mkubwa wa nyumba humwambia kuwa hafungwi na mtu. Akitaka kwenda, aende kwa amani. Akitaka kubaki, hakuna wa kumtenga na mumewe. Yeye hakuwahi kukalishwa, kwa sababu alikuwa mbali.

Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti. "Mwanangu," nikasema, "nakuambia mbele ya shangazi yako, na mbele ya huyo mzee ingawa hanielewi. Hufungwi na mtu. Ukienda, tutakuombea. Ukipata mume mwingine, atakuwa mkwe wetu."

Aliinama, uso ukatoka kwenye picha. Dada yangu akadhani mtandao umekatika, akaigonga simu kwa kidole.

"Baba," alisema mwishowe, "nilikuwepo siku mlipomkalisha mama mdogo wa Kisesa alipofiwa na mumewe, nikaona. Anaulizwa achague, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nimechagua. Nabaki naye."

Maneno yalikuwa yetu, nami ndiye niliyeyatamka. Kama nisingeweza kumtenga na mumewe, ningemletaje mwanangu huku peke yake?

"Basi abaki," nikasema. "Mwambie fundi aandike."

Akauliza jina lipi, maana nafasi ilitosha moja tu. Nikasema la ubatizo. Dada yangu akakataa.

"La ubatizo Mungu analo, hatalisahau. Hilo la baba ndilo litakalopotea."

La baba ndilo mwanangu alilopewa siku alipozaliwa. Alilia asubuhi nzima, akakataa ziwa, na mama yangu akawa anamtajia majina ya wazee waliokufa, mmoja baada ya mwingine, hadi alipotaja la baba yangu. Mtoto akanyamaza, akanyonya. Nimefundisha katekesimu miaka mingi, lakini siku hiyo nikamfuata dada yangu: likawa la baba.

Mkwe wangu alisema katika maandishi yao jina la kigeni huandikwa kwa kufuata sauti, na kwamba fundi angependa kulisikia kwa mtu wa nyumbani. Akamsogezea simu. Nikalitamka polepole. Mzee akalirudia, nikalitamka tena. Nilikuwa nimekaa miezi bila kuliita kwa sauti, kwa sababu ukiita jina unangoja mtu aitike. Nilimtazama fundi akiandika, mstari mweusi ukishuka kando ya ule mwekundu, hadi machozi yakanizuia kuona. Alipomaliza aliinama mbele ya karatasi. Nami nikainama.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kisesa kumweleza kaka yangu mkubwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo haji."

"Haji."

Akaniomba nimshike mkono, tukaenda pamoja hadi kwenye kaburi la mke wangu, tukayaondoa yale mawe ya alama. Alisema mvua zikianza atapanda viazi pale. Nilipiga magoti nikamweleza mke wangu yote, kisha nikamshukuru Mungu kwa ajili ya yule binti. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, na sikuweza kusimama mpaka kaka yangu aliponiinua.