Matofali Yaliyorudi Bondeni

Mume wangu alikufa kwa malaria. Alikufa akiwa mtu wa mlimani, kutoka boma ambalo nilipoolewa niliambiwa kwamba mbu hawawezi kuishi pale kwa sababu ya baridi. Naanza na hilo kwa kuwa siku za matanga watu walitaja sababu nyingine za kifo chake, na nyingine ziliumiza. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Ilikuwa malaria.

Shamba letu liko upande wa Nyamira, si mbali na Itumbe. Ni kipande chembamba kinachoanzia barabarani na kuteremka hadi kijitoni. Juu kuna chai, katikati nyumba na migomba, na chini kabisa bonde lenye udongo mzito unaong'ang'ania jembe. Kwa udongo huo mume wangu alikuwa akifyatua matofali ya nyumba ya mwanetu, ambaye alikuwa ameoa.

Kwetu baba hawezi kulala chini ya paa moja na mke wa mwanawe, hata kama nje ni mafuriko. Kijana wetu na mkewe walikuwa wakikaa katika esaiga, kijumba cha udongo anachojengewa mvulana anapokuwa mkubwa. Kijana anafanya kazi dukani mjini Kisii na hurudi Sabato, kwa hiyo anayekaa humo hasa ni mkewe. Mzee wangu aliona vibaya kwamba mke wa mtu analala katika chumba cha mvulana. Kila alipomaliza kuchuma chai aliteremka bondeni na jembe na kalibu ya mbao. Alijaza udongo, akausawazisha kwa kiganja, akaugeuza juani. Shimo likiwa refu alilihama na kuchimba lingine. Mvua iliyajaza yote maji. Hakuna aliyeshangaa, maana bonde zima lina mashimo kama hayo. Kila mwenye mtoto wa kiume ana yake.

Hakuwa mtu wa kupuuza ugonjwa. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, nguchiro aliingia uani adhuhuri bila woga wowote na kumuuma mbwa wetu. Nguchiro mzima humkimbia mtu. Yule alitembea kama mlevi. Wanaume wa mlima mzima walimfuata kwa panga hadi wakamuua kijitoni. Mbwa alipoanza kutokwa na mate na kuogopa maji, naye akauawa. Mume wangu hakuumwa, ila alikuwa na mchubuko mkononi, na mbwa alikuwa amemlamba mkono huo. Alikwenda Kisii kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, akarudi tena na tena mpaka alipoambiwa zimekwisha. Ndugu yake, shemeji yangu, alimcheka.

"Umelambwa tu, unakimbia hospitali kama mwanamke wa uzazi wa kwanza."

"Nikianza kubweka utaacha kucheka," mume wangu akamjibu.

Nimeifikiria sana habari hiyo. Mnyama tulimwona, ana meno, tukamkimbiza kijiji kizima. Mbu hatukumwona, au tulimwona tukampiga kofi tukaendelea kula.

Homa ilipomshika alisema ni baridi ya kusimama kwenye maji. Mimi nami nilisema hivyo hivyo. Hakuwa amesafiri kwenda upande wa ziwa, na sisi tulijua malaria kama kitu ambacho mtu huenda kuchukua huko na kurudi nacho. Alikunywa uji wa wimbi, akameza vidonge vya maumivu vya dukani, akalala. Alipoanza kuzungumza na mama yake, aliyefariki zamani, tukamkodia gari. Hospitalini walimtoboa kidole na kusema malaria imepanda kichwani. Walijitahidi. Alizikwa upande wa kulia wa nyumba yetu, na matofali yake yakabaki bondeni, makavu lakini hayajachomwa, yamefunikwa kwa nyasi na majani ya migomba.

Mvua ya vuli ilipokaribia, mke wa mwanangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ndipo akaja mhudumu wa afya wa kijiji, mama jirani ambaye huzunguka boma kwa boma. Alikuja kumwona mjamzito, lakini aliuliza ni nini kile kinachong'aa bondeni. Tukashuka naye. Aliomba upawa wa jikoni, nikampa wangu wa zamani. Akachota maji ya shimo, akauinamisha kidogo.

"Omong'ina," akaniita, kama tunavyowaita kina mama wazee, "njoo uone wageni wako."

Ndani ya upawa kulikuwa na vitu vyembamba kama vipande vya uzi, vimelala juu ya maji. Nilipousogeza mkono vikashtuka na kuzama.

"Hawa ndio mbu wa kesho kutwa," akasema. "Na hawa wanaolala hivi juu ya maji, ndio wa malaria."

"Na baridi yetu?"

"Gusa maji."

Niligusa. Yalikuwa vuguvugu. Akanieleza kwamba maji ya kijito yaliyo chini ya majani hubaki baridi, lakini shimo lililo wazi hupashwa na jua mchana kutwa. Mbu jike hutaga pale. Akimuuma mwenye malaria, ugonjwa hukomaa ndani yake, kisha humpa anayefuata. Akasema pia kwamba mtu wa ziwani ameumwa tangu utotoni na mwili wake umejifunza kidogo, lakini wetu haujajifunza, ndiyo maana ugonjwa ukitupata hutuangusha haraka. Na mimba ya kwanza ni mbaya zaidi, kwa mama na kwa mtoto.

Mke wa mwanangu alikuwa ameshuka nasi. Akauliza, "Neti haitoshi?"

"Neti ni ya kitandani, na lazima ulale ndani yake. Lakini jioni ukipika nje umeivaa?"

Akacheka kidogo. "Basi nitaishona gauni."

"Ishone. Lakini hayo mashimo yafukiwe."

Sijui kama mbu aliyemuuma mume wangu alitoka katika mashimo yake mwenyewe. Alikuwa pia akipeleka matofali mengine kuuza mjini Masimba, na mara nyingine alilala huko. Mhudumu hakusema, nami sitasema nisichokijua. Nilichojua ni kwamba mashimo yalikuwa mlangoni kwetu, na aliyekuwa akilala jirani nayo alikuwa mjamzito.

Tatizo lilikuwa udongo wa kujazia. Ukisema udongo kwetu unasema shamba. Kuuchimba kwenye chai ni kuua chai, kwenye migomba ni kuangusha migomba. Udongo pekee uliokuwa huru ulikuwa umekaa pale pale ukingoni, umepangwa, umefunikwa. Niliuona siku ile ile nikanyamaza. Ile ilikuwa nyumba ya mtu mwingine, haikuwa yangu kuigawa.

Shemeji yangu alipopata habari za mashimo alikuja.

"Shemeji, ngoja tuyachome kwanza hayo matofali. Kuni nitatafuta. Mashimo yatafukiwa baadaye."

"Kwa udongo gani?"

"Tutaona. Mbu wanatoka ziwani, wanapanda na magari ya samaki."

"Hawa wamekuja na samaki?" Nilimwonyesha upawa. Nilikuwa nimechota maji mapya asubuhi hiyo.

Aliangalia, akautikisa, akaangalia tena. "Hili ni jasho la ndugu yangu," akasema, na hakuwa akizungumzia upawa; alikuwa akiyatazama matofali. "Mnataka nimtupe ndugu yangu kwenye maji?"

Mke wa mwanangu alikuwa amekaa mlangoni pa esaiga akichambua mboga ya chinsaga kwenye ungo. Kwa heshima hakumtazama usoni baba mkwe wake mdogo. Alisema akiwa ameinamia mboga.

"Baba, yale matofali ni ya nani?"

"Ni yenu. Wewe na mume wako."

"Nimezungumza naye kwa simu. Tumekubaliana yarudi shimoni. Nyumba itangoja. Huyu hawezi kungoja." Akagusa tumbo lake kwa mkono wenye majani.

Shemeji akaondoka bila kuaga, na nilidhani amekasirika. Alirudi na jembe na toroli iliyokuwa inalia gurudumu.

Tulifanya kazi mpaka ilipofika Ijumaa jioni, tukaacha kwa ajili ya Sabato, tukaendelea Jumapili na mwanangu. Niliyapokea matofali moja moja. Kila moja lilikuwa na alama ya kiganja juu yake, mahali mume wangu alipousawazisha udongo, na kwenye mengine vidole vilionekana wazi. Nilitaka kubakiza moja. Nililiweka kando, halafu nikaona shimo la mwisho bado lina maji, nikalitupa nalo. Tofali lisilochomwa likiingia majini halikai. Linatoa mapovu, linalegea, linakuwa udongo tena. Shemeji alilalamika juu ya toroli, juu ya mgongo wake, na juu ya chai niliyompa bila sukari ya kutosha.

Mjukuu wangu alizaliwa salama, msichana. Alikuta wazazi wake wangali katika esaiga, na hata leo wanakaa humo, chini ya neti. Mbu bado wapo, kwa sababu mashimo ya majirani bado yapo, ingawa wawili wamepanda nyasi ndefu za nepia kuzunguka yao ili yapate kivuli. Sisemi malaria imekwisha kwetu. Nasema mama wa mtoto alipimwa kila alipokwenda kliniki na hawakuikuta.

Mvua ya masika ilipokwisha, mahali tulipofukia palibonyea, na maji kidogo yakasimama. Nilikuwa naenda kuchuma chai nikasikia gurudumu likilia. Shemeji alikuwa akishuka na toroli ya udongo, udongo mweusi mzuri, kutoka shambani kwake mwenyewe. Aliumwaga pale, akaukanyaga kwa miguu yote miwili, akarudi kuleta mwingine.