Pini Niliyodhani Iko Kooni

Mimi ni fundi cherehani wa Likunja, Ruangwa. Nilisoma sekondari mpaka darasa la kumi, na ndugu walionichangia nauli walitegemea nitarudi karani. Nilirudi, ila ukarani sikuutaka, kwa sababu ungenipeleka mbali na nyumbani. Hata sokoni nilikuwa namtuma mke wangu Somoe, watu wakasema mimi ndiye niliyeolewa. Barazani nilikuwa na kila kitu: kivuli, kahawa, tumbaku, na wapita njia wa kuwatania. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ameshika koo lake na anaona haya kumwambia hata mwenzake wa ndani.

Ilianza mwishoni mwa Shaabani, miaka ile malori ya mradi wa karanga yalipokuwa yakienda na kurudi Nachingwea. Mtama ulikuwa umevunwa na kila nyumba ilitaka nguo za Idi. Mimi pini nilikuwa nazishika kwa midomo, ndivyo nilivyofundishwa kazi. Siku hiyo nilikuwa na pini sita mdomoni, nampima mteja mmoja mnene, akapita jirani yangu Bakari. Bakari ni mtani wangu, mdomo wake hauna breki.

"Fundi," akasema, "huyo unampimia kanzu au unamshonea gunia?"

Nikacheka. Nilipozitoa pini, zilikuwa tano.

Tukakung'uta jamvi, tukakung'uta kanzu, Somoe akafagia baraza mara mbili. Hamna. Jioni nikameza mate, nikakisikia kitu hapa kwenye kongomeo. Hakiumi. Kimekaa tu, kama korosho iliyogoma kushuka.

Kila aliyesikia alikuja na dawa ileile: tonge kavu la ugali wa muhogo, usilitafune, litaisukuma pini. Nilisukuma siku nne. Koo likawaka, tumbo likajaa, kitu kikabaki palepale. Bakari akashauri nimeze sumaku iliyofungwa uzi. "Uzi unao, fundi, usiniambie huna." Leo nacheka. Siku ile nilikaa nikawaza kwa makini sumaku itapatikana wapi.

Ramadhani ikaingia. Nikaogopa kwamba nikimeza makohozi nitafungua, basi nikawa natema kwenye kopo mchana kutwa. Mate yakakauka. Nikimeza pakavu, kitu kinakuwa kikubwa zaidi. Nikawa nameza ili kupima kama bado kipo. Kipo. Nasubiri kidogo, nameza tena. Waliokuja kupimwa nguo waliliona koo langu likipanda na kushuka, ikavuma kwamba fundi ni kobe, anakula kwa siri wenzake wamefunga. Mama mmoja akaja kuchukua kitambaa chake.

"Kanzu ya mume wangu haitashonwa na mtu anayetafuna," akasema.

Nikamkunjia kitambaa chake. Ningesema nini, kwamba natafuna pini?

Kazi zilinielemea. Nikishafuturu nilikuwa nainamia cherehani hapohapo, tumbo limejaa. Maji machungu yakawa yananipanda mpaka kooni, asubuhi sauti inakwaruza kama mlango mbovu. Nikaamini hiyo ni kutu ya pini. Siku moja nikaingiza kidole kuitafuta, nikakwangua ndani kwa kucha mpaka nikatapika. Matapishi yalikuwa na damu. Nikajua tayari, imetoboa, sasa inaelekea moyoni.

Tangu hapo sikula ila uji mwembamba. Kifua kikabaki mbavu, shuka ya kiunoni ikawa inanizunguka mara mbili. Somoe alikuwa na mimba yetu ya kwanza, naye ndiye aliyekuwa akininyanyua mimi. Alasiri moja nikamwita, nikamwonyesha kitambaa kipi ni cha nani. Nikamwambia mtoto akiwa wa kiume asifundishwe kushona.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kesho lori linakwenda Nachingwea. Utapanda."

"Watanipasua, Somoe."

"Wakupasue. Mimi siwezi kukaa hapa kukutazama unakufa kwa sababu hutaki kutoka barazani."

Nilipanda juu ya magunia, mikono yote miwili shingoni, nikiomba lori lisiruke, pini isije ikasogea. Liliruka njia nzima.

Hospitali ya Nachingwea nilipokelewa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu wa makamo, aliyekuwa akitafsiri maneno ya daktari wa Kizungu. Walinivua shati, wakanisimamisha kwenye kibao cha baridi, wakanipiga picha ya ndani. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema maneno machache.

"Hakuna pini," dresa akaniambia. "Kooni hakuna, kifuani hakuna, tumboni hakuna."

"Mwambie aangalie tena."

"Pini ni chuma, fundi. Chuma humu hakijifichi. Kama uliimeza, ilishatoka zamani, haikuaga tu."

Hapo ningepaswa kufurahi. Nililia. Kitu nilikuwa nakisikia palepale mbele yao, na kama si pini, basi ama nimerogwa ama nina wazimu. Pini angalau ingetolewa. Wazimu unatolewa na nani?

Dresa hakucheka. Akaleta chai na kipande cha mkate. "Wewe ni mgonjwa, siku yako utailipa. Kula." Nikala kwa woga, kidogokidogo.

"Umekwama?"

"Hapana."

"Na kile kitu?"

Nikakitafuta. Mkate ulipokuwa ukipita, hakikuwapo. Nilipomeza mate matupu, kikarudi.

"Kingekuwa kimeziba njia, kingeanza kuzuia mkate," akasema.

Daktari akanitazama kooni kwa kioo kidogo, akanibonyeza shingo. Kisha dresa akanieleza. Uchachu wa tumboni ulikuwa unapanda kila ninapoinama nimeshiba, unaniunguza koo. Tumbaku imeongeza, matonge makavu yameongeza, na damu ni ya kucha zangu mwenyewe. Koo lililoungua na mtu mwenye hofu hukaza, na kumeza pakavu kila dakika hulikaza zaidi.

"Kuhisi, unahisi kweli," akaongeza. "Daktari hajasema unajizulia."

Maneno hayo yalinishusha mabega. Nikapewa dawa nyeupe ya kunywa, nikaambiwa nile kidogo, nisiiname wala kulala mpaka chakula kitulie, niache tumbaku, na nikitaka kumeza ninywe funda la maji.

Sikupona siku ile. Wiki zilizofuata nilikesha nikiwaza huenda picha imekosea. Nilirudi kwenye tumbaku mara mbili, na kile kitu kikarudi. Ilikuwa msimu wa korosho, mtoto amekwisha zaliwa, wa kike, nilipogundua mchana umefika na sijakipima tangu asubuhi. Sikumwambia mtu, nikaogopa kisije kikasikia.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule dresa, na Somoe namshukuru kila siku, ingawa yeye huniambia tu nikakate kuni. Ninachokuomba wewe unayesoma: usisukume kwa tonge, usiingize kidole. Na usijitibu kwa ugonjwa wangu, maana kosa hilo nusura nilifanye mimi.

Mwaka uliofuata shangazi yangu alikuja kutoka Mbwemkuru ameshika shingo. Kuna kitu kooni, akasema. Mimi, daktari wa Likunja, nilikwisha andaa maneno. "Shangazi, ni hofu tu. Kunywa maji."

"Maji yanapita, baba. Ugali ndio haupiti."

Nikamtazama. Amekonda, na sauti yake imekuwa nyembamba. Lori lilipopita nilikuwa nimekwisha simama barabarani na mkoba, bila kuambiwa na Somoe. Nachingwea wakagundua ana uvimbe shingoni, unakua kwa ndani na kuibana njia ya chakula. Alipasuliwa, ukatolewa. Chakula kikikwama, mwili ukipungua, sauti ikipotea, ukiona damu au uvimbe shingoni, usingoje hata wiki. Na kama ni mate tu yanayokataa, kama mimi, nenda vilevile, waseme wao wenye kioo.

Niliporudi kumchukua shangazi, nilibeba muhogo wa kuchemsha wa njiani. Kabla lori halijaondoka Nachingwea alikuwa amemaliza wa kwake, ananyoosha mkono kwenye wangu.