Kisigino kilichomfukuza wifi kibarazani

Saa tatu asubuhi, kwenye kibaraza cha nyumba yenye vyumba sita vya kupanga, mama mmoja amekaa kwenye benchi akifuma soksi ya rangi ya majivu. Shingo ya soksi imeshakamilika na sasa amefika kisiginoni. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kisha anafunika mikono yake kwa kitambaa cha mezani na kuendelea kufuma chini yake kwa kupapasa.

"Unaangalia nini?" anamuuliza mwandishi wa makala haya.

"Naangalia kazi, mama."

"Kazi utaiona ikiisha. Na hiyo simu yako iweke pale dirishani, kioo kikitazama chini."

Mtaa mzima unamwita Mama Kisigino. Jina alilopewa na wazazi wake analo, lakini amekataa liandikwe gazetini kwa sababu, anasema, hajui litasomwa na nani. Ana miaka hamsini na minane, na kufuma alifundishwa na mama yake mdogo kabla hajaolewa. Wateja wake ni watu wanaoshinda wima kutwa: walinzi, manesi, wapishi, vinyozi. Wote wanasema kitu kimoja, kwamba soksi ya dukani ni mfuko tu, ila ya huyu mama inajua kisigino kiko wapi.

Mwandishi naye, kusema kweli, alifika pale na shaka zake. Alishasikia minong'ono kwamba soksi hizo hutoka kwenye mashine mahali fulani, na kwamba benchi ni la kuwapumbaza wateja. Alikaa saa mbili akihesabu vitanzi vya uzi kwenye sindano kila kitambaa kilipoteleza, kama mtu aliyetumwa na mahakama, na hakuona mashine yoyote. Aliona vidole viwili vyenye sugu.

Soksi moja huanza na vitanzi sitini. Shingo hufumwa kwa kuzunguka. Ukifika kisiginoni, vitanzi thelathini vinapumzishwa, na thelathini vilivyobaki vinafumwa kwa kwenda na kurudi mpaka kitokee kipande kama mfuko wa shati. Baada ya hapo vinapunguzwa kidogo kidogo ili kipande kijikunje kama kikombe, kisha kazi inarudi kwenye kuzunguka mpaka vidoleni.

"Shingo kila mtu anaweza, hata wewe nikikupa wiki moja," anasema. "Kisiginoni ndipo watu wanapotupa sindano. Ukizidisha mistari, soksi inatoa pembe nyuma ya kiatu. Ukipunguza, inateremka. Sasa nikimwonyesha kila anayepita, mimi nitakula nini? Macho hayana pazia."

Kwa miaka tisa, hata hivyo, kulikuwa na macho mawili yaliyoruhusiwa kukaa karibu. Yalikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyehamia chumba cha pili na watoto wake baada ya kufiwa na mume. Wifi alifuma shingo na vidole, Mama Kisigino akafuma visigino. Wakiwa wawili walitoa jozi nane kwa wiki, na maneno yasiyohesabika.

"Tulikuwa tunacheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini," anasema. Halafu anavuta uzi na kuongeza kwa haraka kama anayejitetea: "Lakini alikuwa anaangalia sana. Mtu akicheka huku anaangalia mikono yako, utamfikiriaje?"

Mwaka juzi goti lake la kulia lilianza kuvimba. Kupiga magoti sakafuni kupima nyayo za wateja kukawa adhabu. Akanunua stuli, akawa anamkalisha mteja, anauchukua mguu wake na kuuweka pajani, kisha anaupima kwa tepu. Wateja waliufurahia utaratibu huo, na mmoja hata alisinzia.

Miezi michache baadaye malalamiko yakaanza. Mlinzi wa benki alileta jozi yake akisema kisigino kinakimbilia chini ya unyayo, na ikifika saa sita mchana soksi yote imejikusanya ndani ya buti. Akaja nesi, akaja mpishi. Katika miezi minne zilirudishwa jozi kumi na moja, kwa mtu ambaye alikuwa hajawahi kurudishiwa hata moja.

Mama Kisigino alizitazama soksi zile na hakuona kosa. Kisigino kilikuwa sawa, kikombe kilikuwa sawa. Akafikia uamuzi ambao anasema ulimjia akiwa anaosha vyombo: hizo hazikuwa soksi zake. Kulikuwa na mtu anayefuma soksi mbovu na kuziuza kwa jina lake. Na kisigino kile, hata kikiwa kibovu, kilikuwa na mkono wake, kwa hiyo mtu huyo alikuwa amekiona kikifumwa.

"Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Nikaanza kumlia wifi timing."

Alianza kuhesabu mabonge ya uzi asubuhi na jioni. Alianza kufunika kisigino kwa kitambaa. Wifi alipouliza kitambaa ni cha nini, alijibiwa kwamba jua linaharibu rangi, ingawa kibaraza hicho hakijawahi kupigwa na jua. Kisha akabuni mtego: kila kisigino alichofuma kwa mkono wake alikitia kitanzi kimoja cha kinyume, upande wa ndani, mahali ambapo asiyejua hawezi kukiona. Soksi ikirudi bila kitanzi hicho, mwizi atakuwa amejulikana.

Mtego ulikuwa mzuri. Mwenye mtego ndiye aliyekosa subira.

Siku moja wifi alisema, bila hata kuinua macho, "Wifi, mbona siku hizi vipimo vya nyayo unavyoniandikia ni vifupi vifupi?" Mwenzake alilichukua swali hilo kama upelelezi. Wifi alipokwenda bombani, Mama Kisigino akakipekua kikapu chake. Chini ya kanga alikuta moja ya soksi zilizorudishwa, ikiwa imefumuliwa nusu, kisigino wazi kama mtu anayepasuliwa na daktari.

"Sikungoja aingie ndani. Nilimsubiri pale kwenye ngazi na soksi mkononi. Nikamwita mwizi wa kazi mbele ya wapangaji wote. Mbele ya watoto wake!"

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba hiyo, alishuhudia. Anasema wifi hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akachukua sindano zake kwenye benchi na kuzifunga kwa uzi.

"Alisema, 'Wifi, umepekua kikapu changu?' Mara mbili. Basi, akaingia ndani," anakumbuka fundi viatu. "Mimi nilidhani wataelewana jioni. Kumbe jioni chumba kilikuwa kitupu."

Mume wa Mama Kisigino, dereva mstaafu wa lori, alirudi na kukuta mke analia kwa hasira na dada hayupo. Ameombwa maoni yake na gazeti hili. Alisema yeye hayumo, akatoka kwenda kunyoa, ingawa ndevu alikuwa amezinyoa asubuhi hiyo.

Wifi aliondoka, lakini soksi ziliendelea kurudi. Ya kwanza baada ya hapo ililetwa na kinyozi. Mama Kisigino aliigeuza ndani nje mbele yake, akiwa na uhakika wa kumwonyesha kwamba ameuziwa bandia. Kitanzi cha kinyume kilikuwa pale pale kama alivyokiweka.

"Ulifikiri nini?" anaulizwa.

"Nilifikiri wifi amekigundua kitanzi changu na yeye anakitia."

Anacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Ilichukua wiki mbili zaidi na jozi nyingine tatu, zote na kitanzi, kabla hajaenda kukaa kwenye kibanda cha fundi viatu na kumweleza kila kitu kwa sauti ya chini. Fundi viatu alimsikiliza huku akigonga msumari. Kisha akamuuliza anawapimaje watu miguu.

"Nikamwambia, nawakalisha. Akaacha kugonga. Akasema, 'Dada yangu, mguu uliokaa ni mwongo. Mtu akisimama, uzito unaushukia, unyayo unatanuka na kurefuka. Mimi nikimpima mtu amekaa, kiatu kitamuua.'"

Hakumwamini. Alimpima fundi viatu mwenyewe akiwa amekaa, akapata sentimita ishirini na tano. Akamsimamisha, ikakaribia ishirini na sita. Akadhani tepu imevutika, akaazima nyingine kwa mshona nguo. Akadhani fundi anakunja vidole, akamshika vidole. Kipimo hakikubadilika. Soksi zote alizofuma tangu goti liugue zilikuwa fupi kwa karibu sentimita moja, na soksi ikiwa fupi unyayoni, mteja akisimama vidole huvuta mbele na kisigino, hata kiwe kizuri namna gani, hutolewa mahali pake.

"Yule fundi hana adabu," anasema. "Aliniambia nyani haoni kundule."

Mwandishi alimtafuta wifi kwa simu. Kwa sasa anapika kwenye kantini ya kiwanda upande wa pili wa mji. Sauti yake ilikuwa kavu tangu mwanzo.

"Amekutuma?"

Aliambiwa hapana.

"Watu wa magazeti huwa mnatumwa. Haya, andika. Ile soksi niliifumua nitafute kosa, kwa sababu wateja walikuwa wananisema na mimi pia. Kosa nililiona. Nilimwambia nyayo ni fupi. Hakusikia, alikuwa na kazi ya kunichunga." Vyombo vilisikika vikigongana nyuma yake. "Miaka tisa, kijana wangu. Kikapu changu kina nini cha kupekuliwa? Kina kanga na dawa ya presha."

Kisha akasema ana sufuria motoni, na simu ikakatika.

Mama Kisigino sasa anafuma peke yake, shingo mpaka vidole. Kutoka jozi nane kwa wiki ameshuka hadi tatu. Zile zilizorudishwa amezifumua na kuzifuma upya bila malipo, na anawapima wateja wakiwa wamesimama juu ya karatasi ngumu, yeye akiwa chini na gunia lililokunjwa limekaa chini ya goti. Kuinuka kunamchukua muda, na kuna siku mteja ndiye anayemshika mkono. Kitambaa, anasema, hajaweza kukiacha. Shaka ikishaingia mikononi haitoki kwa siku moja.

Anaulizwa kama anaweza kumfundisha mtu mwingine kazi ya shingo na vidole. Anatikisa kichwa. Tatizo si mikono, anasema. Akikaa pale peke yake mchana kutwa, hakuna wa kumwambia neno. Wapangaji wanampita wakimsalimia kwa haraka, kila mmoja akishika mkoba wake karibu zaidi, au ndivyo anavyoona yeye.

"Wanadhani nitawapekua," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Nimemkosea yule mtu. Nimemkosea sana."

Jumapili anakusudia kwenda upande wa pili wa mji. Hatatuma ujumbe kabla, kwa sababu anaogopa kuambiwa asije. Alitaka kwenda na jozi mpya mkononi, nzito, za mtu anayesimama jikoni kutwa. Amechagua na uzi. Lakini alipokaa kuanza vitanzi aligundua jambo ambalo anasema lilimuumiza kuliko zile jozi zote zilizorudi. Mguu wa mlinzi wa benki anaujua kwa sentimita, wa nesi anaujua, wa kinyozi anaujua. Wa wifi yake haujui. Katika miaka tisa hakuwahi kumfumia hata jozi moja.

"Kwa hiyo nitakwenda na tepu tu," anasema. "Nitamwomba asimame, nimpime."

"Na akikataa kusimama?"

Mama Kisigino anaangalia sakafu ya saruji na kulisugua goti lake la kulia.

"Nitapiga magoti hivyo hivyo."