Photo ya coach yenye inaweza kuvunja ndoa ya yaya wangu

Admin, jina yangu uifiche muzuri, juu yaya wangu, dada yangu mukubwa, naye anafuataka hii page. Niko mwanaume wa miaka makumi tatu na ine, naishi Vulamba, hapa Butembo, nauzishaka bifaa ya ma telefone. Sijaoa bado. Batu ya quartier bananiitaka "Musée", juu nakusanyaka ma photo ya zamani ya ba coach ya football. Si ba bachezaji, hapana, ba coach. Kwenye photo ya équipe kila mutu anaangaliaka mwenye kushika ballon. Mi naangaliaka ule muzee wa pembeni, filimbi ku shingo, tumbo mbele. Niko nabo ba kule Kayna, ba kule Kipese, ata mumoja wa wakati ya Zaïre mwenye alivaa kravati mu matope. Mama anasemaka nitaoa hizo ma photo. Acha aseme.

Huu ugonjwa njo bwana ya yaya wangu Masika (jina nimebadilisha) alinipatia. Alikuwa coach ya batoto ya quartier yetu, na kila mutu alimuitaka tu Coach. Wakati vita ilikaribia Beni, bazazi balikataa batoto bende kucheza kule. Coach akapita nyumba kwa nyumba, anabembeleza ba mama: "Nipe mutoto, mi mwenyewe nitamurudisha." Bakamupatia. Camionnette yabo, ba rebelles bakaishambulia njiani. Maiti ya batoto ilipatikana, ya Coach hapana. Tulilia kilio. Masika akanyoa kichwa, akavaa nyeusi. Imepita karibu miaka kumi.

Sasa mwalimu mumoja wa Kasai, mwenye serikali ilituma kufundisha hapa, amemupenda. Ni mutu mupole, anamuchekeshaka. Mama alianza na kukataa: "Ule mugeni atakupeleka mbali, nani atanizika mimi?" Mwisho akakubali. Matangazo ya ndoa bamekwisha kuisoma kanisani, inabakia tu kufunga ndoa Jumapili hii. Mais juu mwili ya Coach haikuonekana, monsieur l'abbé, padri yetu, anataka mutu wa familia aweke mukono juu ya Biblia na aape kama Coach alikufa kweli. Baba hayuko tena. Donc ni mimi, Jumamosi.

Sasa musikie. Photographe mumoja wa Beni alikimbia vita, akakuja kuuzisha ma photo yake ku soko yetu. Nikachukua furushi yote bila kuangalia sana. Nyumbani, niko nakunywa chai, naona équipe moja ya batoto. Pembeni, Coach. Nikasema aah, hii ni ya zamani. Mais mutoto mumoja mbele yake alivaa tricot ya campagne, ile baligawaka bure ku uchaguzi ya juzi-juzi. Eee Nyamuhanga, Mungu wangu! Chai ikanimwangikia ku magoti, sikusikia ata moto.

Sikuambia mutu. Asubui nikapanda pikipiki mpaka Beni, photo mu mufuko ya ndani. Ku barrière soldat mumoja akanichakura, akaitosha mu mufuko. Akaangalia photo, akaniangalia mimi, akarudilia photo. Mi najua batu benye bamepotea juu ya kitu kidogo kuliko hiyo. Nikasema: "Chef, nakusanyaka tu ba coach." Kumbe akacheka, na Lingala: "Oyo nayebi ye! Ateyaka bana na ngai ndembo." Ni kusema anamujua, Coach njo anafundishaka batoto ya ule soldat ballon. Akanionyesha njia ya terrain, kiwanja ya ballon.

Coach nilimuona toka mbali. Amekonda, muguu moja inamusumbua. Aliponiona, hakukimbia. Akatuma batoto bende kukunywa maji, akakuja polepole.

"Shemeki," akasema.

"Aka! Usiniite shemeki! Yaya alikulilia mpaka akabakia mifupa. Juu ya nini haukurudi?" Nilitaka kumupiga pale pale.

Akasema bale batu balimubebesha mizigo mu pori, myezi na myezi. Siku alitoroka, akasikia kama tulimulilia pamoja na batoto. "Ba mama balinipatia batoto na mikono yabo. Nilibaambia nitabarudisha. Nirudi vipi peke yangu? Ule wa kwanza akiniuliza mutoto wake iko wapi, nimujibu nini? Nikaona heri nibaki kwa bale balikufa, pamoja nabo."

Nikamuambia Masika anataka kuolewa. Akakaa chini mu majani. Kisha akauliza: "Ule mwanaume anamupigaka?"

"Hapana."

"Basi wende uape, shemeki. Umuachilie aolewe. Mi nilikufa."

Njia yote nilimuchukia, na njia yote nililia. Nikisema ukweli, ndoa imevunjika, na yaya wangu anarudi kuwa bibi ya mutu mwenye alichagua kuwa maiti. Na bazazi ya bale batoto bakijua iko muzima, nani atabazuia? Tunajua vile batu banabebaka mawe ya kuua mutu siku hizi. Batu batasema na mimi nafanya wivu, sitaki Mukasai. Nikinyamaza, naapa uongo mbele ya Mungu, na Masika anaolewa wakati bwana yake iko hai, yeye hajui. Sikulaka tena, ba client banaona niko mugonjwa.

Jana jioni Masika alikuja kunionyesha robe yake ya ndoa. Akageuka huku, akageuka kule, sijamuona akicheka vile tangu zamani. Kisha akakaa karibu na mimi, akaniuliza na sauti ya chini: "Mudogo wangu, unazani Coach angenikubalia?"

Jibu niko nayo, nimeipata mu kinywa yake mwenyewe, na sikuweza kumupatia. Nikasema tu robe ni muzuri.

Ba ndugu, ba mama, mwenye iko na akili anisaidie, mi imenishinda. Jumamosi ile mukono niiweke ku Biblia ao hapana? Nishaurini, nifanye nini?