Samaki Aliyemmeza Yona Huko Columbus

Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Louisville, mji tuliohamia, mama mzungu mwenye mvi, alitupa tiketi tatu za opera, mchezo ambamo watu huimba kila kitu, hata kuomba maji. Alisema vijana hawaendi tena, na anaogopa opera itazikwa pamoja na wazee wake.

Tulikwenda watatu: shangazi yangu, ambaye ni kiongozi wa kwaya yetu, mume wake na mimi. Viti vingi vilikuwa vitupu. Karibu na mwisho mwanamke mmoja jukwaani alianza kufa huku akiimba. Kanisani kwetu mwimbaji akikugusa moyo unakwenda mbele kumfuta jasho, kwa hiyo shangazi alitoa leso akashuka ngazi. Kijana wa mlangoni alimzuia hatua chache kabla ya jukwaa, akamrudisha kwa adabu.

"Donc, ule mama anakufa, anaimba vizuri vile, na sisi tunamuangalia tu?" shangazi alinong'ona kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya Kifaransa, na safu tatu zikageuka. "Ndiyo maana viti viko wazi."

"Kaa, mama," mume wake alisema. "Kesho atakufa tena."

Wiki hiyohiyo shangazi aliamua kwaya itaigiza kisa cha Yona, kila neno kwa wimbo, kwenye mkutano wa kwaya nyingi katika mji wa Columbus. Mimi, ambaye darasani niliitika jina kwa kuinua kidole tu, nilipewa kuwa samaki.

"Utakuwa chini ya kitenge," alisema. "Nani atakuona?"

Lakini samaki alikuwa na mstari mmoja wa kuimba peke yake, na bila huo Yona hatoki.

Columbus ukumbi ulijaa. Mbele kabisa walikaa wanakwaya wa mji wa Buffalo, watu wa kucheka sana. Nilimmeza Yona, yaani nilimwingiza chini ya kitenge mume wa shangazi, mtu mwenye kitambi. Kinanda kikanipa nafasi. Nikaiacha ipite. Kinanda kikarudia.

"Imba, mtoto," Yona alinong'ona. "Iko joto humu."

"Samaki amevimbiwa," mama mmoja wa Buffalo akasema. "Umutapike, binti yangu, huyo ana watoto."

Nilitaka kucheka, mdomo ukafunguka, na mstari ukatoka kabla sijauzuia: Bwana, mtu wako ni mchungu, njoo umchukue. Buffalo nzima ikaupokea, ikataka nirudie. Nikarudia. Mara ya nne Yona alinipiga kiwiko.

"Bon, inatosha. Unitapike."

Nikakaza kitenge, nikaanza mara ya tano.