Njoo Ujione

Desemba iliyopita nilirudi Ifakara kwa sikukuu, na jambo la kwanza nililolifanya, hata vumbi la safari sijanawa, ni kwenda kuangalia kama lile banda la video la mtaa wa Viwanja Sitini bado lipo. Halipo, ndugu yangu. Pale sasa wanauza dawa za kuulia magugu na makava ya simu, vyote kwenye kaunta moja. Nilipomwambia kijana wa dukani kwamba hapa zamani tulikuwa tunaangalia picha, alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama nataka dawa au kava. Nikanunua kava. Halikuingia kwenye simu yangu.

Nyumbani kwa binamu yangu nikakuta watoto wamejilaza kwenye mkeka, kila mmoja na simu. Nikawauliza likizo hii wanaangalia nini. Wakajibu bila kuinua macho, "Chochote tu, shangazi." Jibu lile lilinikaa kooni mpaka jioni, maana sisi hatukuwahi kuwa na chochote. Sisi tulikuwa na kile kilichoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mwenye banda, na kama hakikuandikwa, basi hakikuwepo duniani.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati na maturubai chakavu, mabenchi yenye vibanzi vya kuchana sketi, TV moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, deki, na jenereta iliyokohoa huko nyuma. Joto lake lisikie kwa wengine. Ndani mlinukia karanga za kukaanga, jasho na matope ya miguu ya watu. Mbele alikaa mfasiri na kipaza sauti chake, akitufasiria picha za karate kwa namna alivyojisikia siku hiyo, mpaka jambazi mkuu akawa ametokea Mlimba kuja kudhulumu watu majaruba ya mpunga. Tulimwamini kabisa. Siku za kawaida banda lilikuwa la wanaume na vijana, lakini sikukuu hata akina mama waliingia, wamevaa vizuri, na watoto tukapakatwa.

Mwaka ninaousema, shule zilipokaribia kufungwa, ubao ulitangaza hivi: Krismasi, karate. Siku ya pili yake, picha ya Kihindi. Mwaka mpya, kanda ya jubilei ya parokia. Chini yake mwenye banda aliandika kwa herufi kubwa, NJOO UJIONE. Akamtuma mtu na baiskeli na spika kuzunguka mitaa yote akipiga kelele hayo hayo, na mji mzima ukapata wazimu. Jubilei ilikuwa imefanyika mwaka mmoja nyuma, akaja mpiga picha kutoka Morogoro na kamera ya kubeba begani, na kila aliyekuwepo kanisani siku ile alikuwa na hakika kwamba kamera ilimwangalia yeye.

Mimi sikutaka kujiona. Nilitaka kumwona mama. Siku ya jubilei mama aliimba kwaya, mstari wa mbele, sauti ya kwanza. Masika yaliyofuata akaugua homa, na hakuinuka. Picha yake tuliyobaki nayo ilikuwa moja, ndogo, ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu aliyeambiwa asipumue. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimeanza kumsahau. Nakwambia ukweli. Nilikuwa nikifumba macho kumtafuta, inakuja ile picha ya kitambulisho, na mama yangu hakuwa hivyo. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Kicheko chenyewe sasa nilikuwa sikisikii tena. Nikajiambia, mwaka mpya utanikuta kwenye benchi la mbele, iwe isiwe.

Kumbe mwenzangu nilisahau mvua. Kule kwetu mvua za kwanza zikishika, watu huhama. Nyumba ya mjini hufungwa au huachiwa mmoja wa kuilinda, na wengine wote, na sufuria, na kuku kwenye tenga, na paka akiwezekana, mnahamia shamba mpaka mpunga uvunwe. Baba alibaki mjini kwa sababu alikuwa fundi baiskeli. Mimi nikachukuliwa na bibi, mama yake mama, tukavuka mto kwa kivuko, tukapita Lupiro, tukaingia mbugani kwa miguu. Nilimwambia baba anifuate kabla ya mwaka mpya. Akasema atakuja. Nililishika neno hilo.

Ukitaka kumfunga mtoto bila kamba, mpeleke akaamie ndege. Mbegu zikishamwagwa, kanga na njiwa na bata maji hushuka kuzifukua, na kazi yako ni kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa kwenye nguzo, ukigonga debe na kupiga kelele tangu jua linachomoza. Wakiruka huku wanatua kule. Unashuka, unakimbia kwenye tope mpaka magotini, unarudi, wametua ulikotoka. Mvua ikinyesha huwapigii ndege kelele tena, unajililia mwenyewe. Kulia maji, kushoto maji, mbele matete marefu kuliko baba, na mbali kabisa milima ya Udzungwa imekaa tu, haina haraka. Usiku mbu. Chakula kilikuwa ugali na kitoga, samaki wa mtoni wa kukausha, kesho kitoga na ugali, kwa sababu mwezi ule ghala la kila mtu lilikuwa linaonyesha sakafu. Nilimchukia yule kitoga kwa moyo wangu wote.

Krismasi ilinikuta dunguni. Bibi alichinja kuku, akapika wali kidogo alioufichia sikukuu, akasali kwa sauti, akanitazama nikigeuza tonge sahanini. "Mvumilivu hula mbivu," akaniambia. Mimi nikasema moyoni, sawa, bibi, na zikioza je? Sikuthubutu kuyatamka, kwa sababu bibi yangu alikuwa na mkono mwepesi. Lakini sikuwa na wasiwasi sana. Baba alikuwa anakuja.

Na alikuja. Siku moja kabla ya mwaka mpya nikamwona kwa mbali anasukuma baiskeli, suruali imekunjwa, matope mpaka kifuani. Nikashuka dungu kwa kuruka, nikakimbilia gauni langu la kanisani, nikalikunja vizuri kwenye mfuko. Baba alisimama mbali, kama ilivyo heshima kwa mama mkwe, akaamkia akiangalia chini, akaeleza kilichomleta. Bibi alikuwa anapeta. Akaweka ungo chini.

Alimuuliza kama ameshasahau kwamba msiba haujaisha. Kwetu mtu akifa, kuzika ni mwanzo tu. Baadaye ndugu hukaa, hupika pombe ya kumaliza msiba, hunywa, huagana naye, ndipo jina lake linarudi midomoni mwa watu bila hofu. Na pombe yetu ilikuwa haijapikwa, nafaka ya kupikia ndiyo hiyo iliyokuwa ikifukuliwa na kanga. Mpaka mavuno.

"Mtu yuko njiani," bibi akasema. "Mkimwita, atageuka nyuma. Unataka mtoto amwone mama yake anaimba, halafu amwite?"

Baba hakubishana. Mwanamume gani wa kwetu angebishana na mama mkwe, tena aliyefiwa na binti? Alisema, "Sawa, mama." Akanipa mkate aliouleta umefungwa kwenye nailoni, akanishika kichwa, akageuza baiskeli. Nilisimama na mfuko wangu wa gauni mpaka matete yakamfunika. Ningemfuata, ningefika wapi? Mbele yangu kulikuwa na mbuga iliyojaa maji, kisha mto, kisha kivuko kisichopakia mtoto asiye na mwenyewe. Nilipanda dunguni nikagonga lile debe kwa hasira mpaka likapasuka. Siku ya mwaka mpya, saa za picha, nililala kifudifudi nikakataa kula, na bibi hakunilazimisha. Nilimchukia. Nilimchukia zaidi ya kitoga, na alijua.

Januari nikarudi mjini kusoma, na hapo ndipo nilipoona cha moto. Kila niliyekutana naye alikuwa amemwona mama yangu. Muuza maandazi alisema mama aliimba hadi mishipa ya shingo ikasimama. Mwalimu wangu wa darasa akasema hapana, alikuwa anatabasamu tu, mpole. Jirani yetu aliapa kwamba kuna mahali mwalimu wa kwaya alidondosha fimbo yake na mama akashindwa kujizuia, akacheka wazi wazi, mbele ya askofu. Huyo jirani nikamwamini. Nilimrudisha asimulie tena na tena, mpaka akaanza kunikwepa. Nikaenda kwa mwenye banda. Alinionea huruma, lakini mji ule wote ni ndugu na habari ya bibi ilishamfikia. Akasema kanda ipo kabatini, haina miguu, msiba ukiisha aje bibi mwenyewe, naye atatuonyesha bure.

Basi nikangoja. Mpunga ukachanua, ukainama, ukavunwa. Pombe ikapikwa, ndugu wakaja kutoka kijiji cha Mbingu na kutoka Mlimba, wakanywa, wakaimba, wakalia kidogo, na bibi akamtaja binti yake kwa jina mbele ya watu wote. Kesho yake asubuhi akaoga, akavaa khanga mpya doti nzima, akajipaka mafuta mpaka viwiko. Hakuwahi kuingia banda la video maishani mwake. Akanishika mkono, akatangulia kwa haraka hata nikawa nakimbia, na ndipo akili yangu ya kitoto ikatambua kwamba na yeye alikuwa anangoja. Muda wote ule alikuwa amefungwa pamoja nami.

Mwenye banda alitupangusia benchi la mbele. Akawasha jenereta, akaingiza kanda. Nikaona uwanja wa kanisa letu, watu wamepanga mstari, watoto wanapunga mikono. Mlango mkubwa ukafunguliwa, na kutoka ndani sauti za kwaya zikaanza. Bibi akaegemea mbele. Halafu picha ikakatika, zikaja chenga nyeupe, na baada ya chenga ukaja uwanja wa majani mabichi na watu wa kaptula wanakimbiza mpira.

Mwenye banda alishika kichwa. Alieleza kwa kigugumizi. Kulikuwa na fainali, ilipita kwenye dishi wakati nusu ya mji iko mashambani, akaona aibu watu wakirudi wakose, akatafuta kanda tupu asipate. Akaurekodi mpira juu ya ile ya jubilei, maana hiyo kila mtu alikuwa ameshaiona. Kila mtu, alidhani, sisi akatusahau. Akanyoosha mkono azime.

"Acha," bibi akasema. "Bado hajatoka."

Hapo ningesema nini? Mimi nilijua. Nilijua kanda ikishaandikwa juu yake hakuna kitu chini. Lakini bibi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na mwenye banda naye hakuthubutu. Tukaangalia mpira ule wote, mpaka mapumziko, mpaka kipindi cha pili, hakuna aliyetufasiria. Nililia bila sauti ili nisimsumbue. Bibi hakupepesa jicho. Mashabiki wa kwenye picha waliposhangilia hakushangilia, macho yake yalikuwa yanakwenda polepole kutoka upande mmoja wa TV hadi mwingine, yanarudi, yanakwenda tena. Ulipoisha, akamshukuru mwenye banda kwa kazi yake, akajifunga khanga, tukatoka nje kwenye jua.

Tulitembea hadi karibu na nyumbani. Hapo akasimama.

"Nimewaangalia wote," akaniambia. "Wale waliokaa kule nyuma, mmoja mmoja. Ni wengi, mjukuu wangu, lakini nimewaangalia. Hayumo."

Bibi naye sasa ameondoka, na pombe yake tumeshainywa. Kivuko hakipo, kuna daraja, na ukitoka Ifakara unafika Lupiro kabla hujamaliza mazungumzo. Watoto wa binamu yangu wakitaka kumwona mama yao akicheka wanagusa kioo kwa kidole, na hata hawagusi, kwa sababu mama mwenyewe yuko jikoni anachuja tui. Nawaombea wasijue zaidi ya hapo. Mume wangu ni mpenzi wa mpira. Huniita nikae naye, na mimi hukaa, na mara nyingi hunishangaa goli limefungwa sikuliona. Sijamwambia kwamba mpira wenyewe siuangalii. Mimi naangalia kule nyuma, waliokaa majukwaani, mmoja mmoja.