Bia Ndani ya Friji ya Chanjo

Mwezi uliopita nilipanda tena kilima chetu cha Masisi, safari hii nikiwa mchanjaji wa surua. Kabla sijafika juu nikasikia mwanamke akitikisa maziwa kwenye kibuyu. Mlio ule, rafiki yangu, ulinirudisha jikoni mwa nyanya yangu: moshi wa kuni mbichi, viazi vitamu kwenye majivu, siagi ikinukia hadi kwenye nguo zetu za Jumapili.

Utotoni kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumpelekea maziwa muuguzi, aliyekuwa peke yake kwenye santere, kituo chetu cha afya. Siku moja nilimkuta amefungua friji ya chanjo. Ndani amepanga chupa za bia. Vichupa vya chanjo vilikuwa mezani, karibu na dirisha, vinapigwa na jua. Na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha akina mama kila juma kwamba chanjo ikipata joto inakufa.

“Weye mutoto, hukuona kitu. Njo vile?”

“Njo vile, Papa,” nikakubali. Nilikuwa na miaka tisa.

Kesho yake akawachanja watoto wa kilima kizima kwa vichupa vile vile. Mama alikuwa kwenye foleni tangu umande haujakauka, mdogo wangu mgongoni.

Haikupita miezi mingi surua ikaja na wachuuzi waliotoka Walikale. Ilianza kwa jirani, macho mekundu tu, ikaingia shuleni, ikaingia kwetu. Mdogo wangu alikohoa siku sita, mdomo umejaa vidonda, anakataa hata maziwa. Alikufa siku ya soko, watu wanapita barabarani na kuku wao.

Muuguzi alikuja kwenye kilio. Mbele ya wote akasema, “Bamama bengine banachelewa kuleta batoto ku chanjo. Njo matunda yake.”

Mama akainamisha kichwa. Alimwamini, akidhani angempeleka mapema zaidi! Nilipotaka kusema, nyanya alinibana mdomo kwa kiganja. “Nyamaza. Santere iko moja tu. Akitufungia mulango, tutaenda wapi?”

Basi nikalipiza nilivyoweza. Msimu mzima nilitemea mate maziwa yake kila asubuhi, naye akawa anayasifu kwa utamu. Mate hayakunitosha.

Na sasa, mwezi uliopita, nikamkuta kwenye foleni yangu, mzee, amemshika mjukuu wake. Hakunitambua. Nilimchanja mtoto kwanza, kwa chanjo yenye baridi yake. Mtoto hakunikosea kitu. Kisha nikamwita mama, aliyekuwa amekaa pembeni na wenzake, nikamshika mzee mkono.

“Papa, ambia mama yangu. Mwaka ule chanjo ilikuwa wapi, na bia ilikuwa wapi?”

Foleni yote ikageuka kututazama. Mzee akajaribu kucheka. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mwishowe akasema, akitazama viatu vyake, “Bia ilikuwa mu friji.”

Mama akasogea mbele yake. “Miaka yote hii napiga magoti, naomba Mungu anisamehe,” akasema. “Kumbe ilikuwa juu ya kiu yako?”

Nasikia kanisani hakuna anayekaa naye benchi moja. Wengine wananiambia nimsamehe, amezeeka. Sitaki. Habari ya benchi naipokea kama watu wanavyopokea mvua baada ya kiangazi.

Siku ile, wakati wa kushuka, tulipita palipokuwa zizi letu. Ng'ombe walikwenda na vita. Maturubai ya watu waliokimbia yamejaa hadi mtoni, na nyanya amelala kaburini, chini ya migomba. Mama alinisindikiza akitembea mgongo umenyooka, ambavyo sikuwa nimemwona tangu utoto wangu. Ghafla akataja jina la mdogo wangu. Tangu kilio kile hakuna aliyelitamka nyumbani kwetu. Tulikuwa tunakaribia nyumba ya muuguzi. Nikamwomba alirudie, kwa sauti ya kufika ndani.